Mlima wa Magadi na Nyumba za Kiberiti

Mtu aliyenifundisha volkano hajawahi kuiona volkano hata moja. Alitutangazia hivyo yeye mwenyewe siku ya kwanza ya darasa la sita, amesimama mbele yetu na koti lake la sufu katika joto la Kisesa, chaki ameichomeka sikioni kama fundi seremala anavyochomeka penseli.

"Sijaiona, na sina mpango wa kuiona," alisema. "Daktari wa malaria halazimiki kulala na mbu."

Mimi nimeziona kumi na moja. Nne kati ya hizo nimesimama ukingoni mwa kreta, nikachungulia ndani, nikapiga picha. Nina stashahada ya tathmini ya majanga niliyoisomea Indonesia, nchi iliyojaa milima ya moto kama Mwanza ilivyojaa mawe, na niliipata bila mjomba wa kunipigia simu wala baba wa kuuza ng'ombe. Nilibeba magunia ya dagaa soko la Kirumba, nikapandishwa kuwa mtunza stoo, nikajifunza kompyuta jioni, nikaomba ufadhili mara tano, na mara ya sita wakachoka kunikataa. Nayasema haya ili msomaji ajue anayeandika ni nani. Lakini nikiulizwa nilianzia wapi, huwa sitaji chuo. Namtaja Mwalimu.

Jina lake silitumii hapa kwa sababu hatukulitumia hata wakati ule. Alikuwa Mwalimu tu. Wale walimu wengine wa shule yetu ndio waliohitaji majina, ili watofautishwe naye.

Na niseme mapema jambo ambalo maisha yake ya uzeeni yameningʼinia juu yake. Mtu huyu, aliyeogopa volkano kwa niaba ya wilaya nzima ya Magu, ana binti mmoja tu, na binti huyo amejenga chini ya Oldoinyo Lengai. Ana mgahawa na vyumba vya wageni wanaokuja kupanda mlima, na mumewe ni Mmasai anayewaongoza hao wageni hadi kileleni. Mwalimu aliapa kwamba hatatia mguu kule mpaka binti ahame. Binti naye akaapa hahami, na kwamba wajukuu hawatasafirishwa kuja Mwanza kama vifurushi. Ikapita miaka minne. Babu akawa anawajua wajukuu wake wawili kwa picha za simu, mkubwa anakimbiza mbuzi, mdogo ameota meno mawili.

Sasa turudi darasani, maana yote yalianzia pale.

Kwenye kona ya nyuma ya darasa, chini ya gunia, palikuwa na mlima. Mwalimu aliufinyanga upya kila Januari kwa udongo aliouleta kwa baiskeli kutoka ufukweni mwa ziwa, kimo chake kama mbuzi jike. Kileleni alizamisha kopo la siagi. Ndani ya kopo aliweka magadi, haya haya ambayo mama zetu walitia kwenye maharage ili yaive upesi.

"Mnacheka?" alisema. "Lava ya Lengai imejaa magadi. Siku hizi hakuna mlima mwingine duniani unaotapika namna hiyo. Mama zenu wanapikia volkano na hawana habari."

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba anatupikia volkano. Akaniambia nikachote maji.

Kila dawati la wanafunzi watatu lilipewa kasha tupu la kiberiti, tukaandika majina yetu juu yake. Hiyo ndiyo nyumba yetu. Kila Jumatatu tuliiweka popote tulipotaka juu ya mlima, ruhusa kuihamisha katikati ya wiki, na kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, mke wa Mwalimu alileta ndoo ya maandazi. Nyumba ikiwa kileleni, kila mtoto wa dawati lile alipata andazi zima. Katikati ya mteremko, nusu. Chini kwenye tambarare mlipewa harufu. Si utani: aliwaita mbele, akafunua ndoo, mkanusa kwa zamu, mkarudi kukaa.

Lakini siku moja katika kila muhula, siku aliyoiandika kwenye karatasi na kuifungia ndani ya bahasha iliyobandikwa ukutani, Mwalimu alimimina ndani ya kopo maji ya ndimu yaliyotiwa rangi ya ubuyu. Mlima ulifoka. Povu jekundu lilipanda, likafurika, likateremka kwa njia yake lenyewe, na dawati ambalo nyumba yake ililowa lilikosa maandazi mwezi mzima na kufagia darasa wiki mbili.

Mimi nilitoka katika nyumba ambayo chai ya asubuhi ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji. Niliweka kasha letu kileleni kabla hajamaliza kueleza sheria.

"Wewe," aliniita. "Hukusikia habari za mlipuko?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sasa?"

"Na andazi nalo nimelisikia."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alikwenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa, NA ANDAZI NALO NIMELISIKIA, akaliacha pale wiki nzima, mwalimu wa hisabati akalazimika kufundishia pembeni.

"Huyu mwenzenu amewaambia kwa nini watu wanaishi chini ya volkano," alisema. "Si wajinga. Wanakula. Mnamwona Mchaga anavyojisifia ndizi zake? Ndizi ya kwetu Bukoba inakua kwa samadi na jasho. Ya Mchaga imelimiwa na mlipuko! Nendeni Tukuyu, udongo mweusi kama kahawa iliyokaangwa, ukichomeka fimbo inaota. Na nyumbu wote wale wa Serengeti, mnadhani wanakula nini? Wanakula majani yaliyoota juu ya majivu."

Alikuwa Mhaya, na wivu wake kwa ndizi za wenzake haukuwa wa mchezo.

Tulianza kumchunguza kama madaktari. Tuligundua kwamba kabla ya mlima kulipuka mikono yake hunukia ndimu na kucha zake huwa nyekundu. Basi kila asubuhi tulipanga mstari kumwamkia kwa kumshika mkono, jambo ambalo hakuna darasa jingine lililofanya. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Kila mmoja aliinama kwa heshima kubwa, pua juu ya vidole. Mwalimu mkuu alitusifu mbele ya shule nzima kwa adabu.

Katika kunusa mimi nilikuwa wa kwanza, bila mpinzani. Huko Indonesia wataalamu wanatumia mashine kunusa gesi inayotoka kwenye kreta; nilipoonyeshwa ile mashine nilimwambia mkufunzi kwamba kazi hiyo niliifanya nikiwa na miaka kumi na mitatu, bila betri.

Lakini nilikosea mara moja, na kosa lile ndilo shule yangu kubwa. Jumatano moja nilimwamkia, nikasikia ndimu. Nikatangaza. Karibu madawati yote yalihamia tambarare, tukasukumana mpaka kingo za mlima zikabomoka. Ijumaa ikafika, mlima kimya. Mwalimu alikuwa na mafua, alikuwa anakunywa chai ya ndimu. Karibu darasa zima likanusa ndoo. Waliniita Nabii wa Ndimu, na wenzangu wawili wa dawati walinipiga, nami nakiri nilistahili.

Wiki mbili baadaye nikanusa tena. Nikasema. Hakuna aliyesogeza nyumba hata kidole kimoja, wala wenzangu wa dawati hawakunipa nafasi ya kuisogeza yetu. Ijumaa ile povu liliteketeza kata nzima.

Mwalimu aliniita nje. Nilidhani atanipongeza.

"Mara zote mbili ndimu zilikuwepo," alisema. "Pua yako nzima. Mdomo ndio mbovu. Mara ya kwanza ulisema 'kesho kutwa tunakufa.' Ungesema, 'jamani, nasikia ndimu, sijui ya nini,' leo wangekusikiliza. Mlima ukidanganya watu wanausamehe. Mtu akidanganya kuhusu mlima, hawamsamehi."

Nimekaa katika semina za siku tano, zenye chakula cha mchana na mikoba ya bure, zilizosema hayo hayo kwa urefu zaidi.

Kati ya madawati yote kumi na manane ni moja tu ambalo halikusogea siku ile ya unabii wangu. Lilikuwa la mbele, alilokaa binti yake. Darasani alimwita Mwalimu kama sisi, na yeye alimwadhibu kama sisi. Nyumba yake ilikaa kileleni muhula baada ya muhula. Ililowa, akafagia, akairudisha pale pale ikiwa bado mbichi. Nilimuuliza kama haogopi. Alikuwa anakula.

"Nimekula mengi kuliko niliyokosa," alinijibu, akapangusa mafuta kwenye sketi. "Hesabu mwenyewe."

Mwalimu alipenda kusema kwamba hatari ina maswali mawili tu. Mlima una nini tumboni? Na chini yake kuna nani? "Mlima ukilipuka pasipo mtu," alisema, "hiyo si hatari, hiyo ni mandhari." Maswali hayo mawili aliyatumia kwa kila kitu. Hakukaa chini ya mfenesi. Hakupita chini ya ngazi ya fundi rangi. Akipanda kivuko cha Kamanga alihesabu maboya kwanza, kisha abiria, na hesabu ikimkataa alishuka na kuwaaga kwa mkono wale waliobaki, jambo lililowatia watu hofu kubwa. Asubuhi alipitisha kidole juu ya meza yake, akalitazama vumbi lile kwenye mwanga wa dirisha, akatuuliza: "Hili ni la barabara ya Magu, au ni salamu za Lengai?" Upepo mwingi wa kule, alisema, hupeperusha majivu kuelekea magharibi, na magharibi tuko sisi. Alilikungʼuta vumbi ndani ya bahasha, akaihifadhi. Bahasha hizo anazo mpaka leo, kabati zima.

Mzazi mmoja alikuja kikaoni kulalamika kwamba watoto wanafundishwa kamari.

"Mzee, shikamoo," Mwalimu alimwambia. "Mashamba yako ya mpunga yako wapi?"

"Bondeni, karibu na mto."

"Mto haufuriki?"

"Unafurika. Mwaka mmoja ulibeba na ndama."

"Kwa nini usilime kule juu kwenye mawe?"

"Juu kuna nini, Mwalimu? Nikavune kokoto?"

"Basi mzee wangu nyumba yako iko kileleni, na andazi umekula."

Yule mzee alikaa chini, akafikiri, akaanza kucheka peke yake, na wiki iliyofuata akatuma jogoo.

Mtu mwenye akili namna hiyo angejenga wapi akistaafu? Alijenga Kiseke, hapo Mwanza, chini ya jiwe. Simaanishi karibu na jiwe. Nyuma ya jiko lake kuna jiwe moja kubwa kama lori la mchanga, limekaa juu ya jiwe dogo kama kuku juu ya yai, na juu yake mke wake huanika kahawa waliyoletewa kutoka kwao. Niliporudi kutoka Indonesia, nikiwa na begi la magurudumu na shati lililopigwa pasi, nilikwenda kumsalimia, nikalitazama lile jiwe kwa jicho la stashahada, jasho likanitoka.

"Mwalimu, hili jiwe likiteleza..."

"Nalifahamu," alisema. "Tumeishi nalo miaka kumi na mbili. Si jiwe baya."

Nilimwambia kwamba katika nchi zote nilizofanya kazi, kila mtu anayeishi chini ya volkano amenijibu maneno hayo hayo, kwa lugha yake. Mlima huu tunaufahamu. Si mlima mbaya. Akanikaribisha kahawa, akabadilisha mazungumzo.

Mwaka uliopita nilipata kazi ya wiki tatu ya kutathmini vijiji vya chini ya Lengai, na nililala kwenye nyumba ya wageni ya binti yake. Alinipikia, akanicheka, akaniita Nabii mbele ya wageni wa Kizungu. Niliandika ripoti ya kurasa arobaini, ramani sita za rangi, nyekundu palipo pabaya, njano palipo nusu. Ilipokelewa vizuri mno. Mwalimu aliposikia, akataka nakala.

Alinirudishia baada ya siku tatu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alama sitini na moja.

"Sitini na moja!" nilisema. "Mwalimu, Indonesia nilikuwa wa pili!"

"Indonesia hawakujui."

Alifungua ukurasa wenye jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa tishio, ya pili watu walio hatarini, ya tatu uwezo wao wa kujiokoa. Kwenye kijiji cha binti yake, safu ya tatu nilijaza neno moja: wastani. Alikuwa amelizungushia duara mpaka karatasi ikatoboka.

"Wastani ni nini?"

"Ni katikati, Mwalimu."

"Katikati ya nini na nini?"

 Ukweli ni kwamba siku ile ya kujaza jedwali kulikuwa na joto, na safu ya tatu huwa haina kipimo. Wataalamu wengi hujaza wastani.

"Haya, funga," alisema, akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. "Sasa sikuulizi kama mtaalamu. Binti yangu ahame au abaki?"

Nilimweleza kwamba hatari kubwa si lava, ambayo kwa kawaida hutambaa karibu na mlima wenyewe. Ni majivu kwenye maji na malisho, mapaa kuelemewa, makorongo kujaa tope mvua ikinyesha. Nikamweleza kwamba mlipuko mkubwa hautabiriki kwa tarehe. Nikataja uwezekano, nikataja vipindi. Nilizungumza nusu saa nzima, na nilizungumza vizuri.

"Nimekuomba neno moja," alisema, "umenipa semina."

Mke wake alisikiliza yote hayo kutoka mlangoni, taulo begani. Mama yule alikwisha kwenda kwa binti mara mbili bila kumwomba mtu ruhusa, na mara zote mbili alirudi amenenepa.  Jumapili iliyofuata aliniambia nije kula mchana, na nilipofika nikamkuta binti ameketi uani, ameteremka kutoka basi la Arusha jana yake, anamenya ndizi. Kumbe mama alimwambia baba anaumwa. Na baba aliambiwa binti anakuja kuomba radhi.

Waliamkiana. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." 

Mwalimu hakuwa mtu wa kugombana kwa mdomo. Alikuwa amejiandaa. Kwenye kivuli cha lile jiwe, chini ya gunia jipya, aliufunua mlima. Kimo cha mbuzi jike, kopo kileleni, magadi ndani, jagi la ndimu na ubuyu pembeni. Alimpa binti yake kasha la kiberiti.

"Weka nyumba yako," alisema. "Nabii atakuwa shahidi. Halafu tutaona."

"Maandazi yapo?" binti aliuliza.

"Yapo!" mama alijibu kutoka jikoni, haraka mno.

Binti alichukua kasha, lakini hakuliweka. Alilitia mfukoni. Akaingia jikoni, akatoka na unga kidogo kwenye ncha za vidole, akaupuliza juu ya mlima, akautazama unapoangukia.

"Unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Naangalia upepo. Wa kwetu mara nyingi unakwenda kule, Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa hiyo sijengi kule." Akachukua kijiko, akaanza kuchora kwa mpini wake kwenye udongo mbichi, mstari kutoka karibu na kilele mpaka chini. "Hii barabara ya magari. Mvua ikinyesha korongo hili linaikata, hapa. Kwa hiyo kuna hii nyingine." Akachora ya pili, iliyopinda. "Njia ya ngʼombe. Mama mkwe wangu alipita hii mlima ulipolipuka wakati ule. Hakungoja barua kutoka wilayani. Ngʼombe wote wakapona ila watatu. Kila mwezi tunaitembea na watoto, mkubwa anaijua gizani. Hapa kuna tangi la maji, lina mfuniko. Hapa ngazi na koleo, za kupandia bati na kukomba majivu kabla hayajaelemea."

Ndipo alipotoa kasha la kiberiti, akaliweka pale njia mbili zilipokutana, si mbali na kilele.

"Baba," alisema, "nimefagia darasa lako mihula yote. Mlima wako haujawahi kuwa na barabara."

Sikuthubutu kumtazama Mwalimu. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo ni vya ngozi halisi. Wiki tatu nililala kwa mwanamke huyu, nikala samaki wake, nikaitazama ile ngazi kila asubuhi nikipiga mswaki, na sikumuuliza swali hata moja. Nikaenda nikajaza wastani.

Mwalimu alishika jagi. Sheria ni sheria, akamimina. Mlima ukafoka kama zamani. Povu jekundu likapanda, likavimba, likaanza kuteremka, na binti yake, aliyekwisha kuchuchumaa, akalisukuma kasha kwa kidole kimoja kwenye njia ya ngʼombe, taratibu, bila pupa, kona ya kwanza, kona ya pili. Povu lilijaza korongo, likakata barabara ya magari kama alivyosema. Lilipofika mahali nyumba ilipokuwa, nyumba haikuwepo. Ilikuwa chini, kavu, na mama alikuwa anapiga vigelegele jikoni kama tuko arusini.

"Waitu!" Mwalimu alishangaa kwa Kihaya, polepole.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alizitazama zile njia mbili muda mrefu, akainua macho akalitazama na jiwe lake lililo nyuma ya jiko, akalipima kutoka juu hadi chini, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kulitazama kweli.

"Na hapa," binti alisema, akifuata macho yake, "njia yenu ya kutokea iko upande gani?"

"Nyie," mzee alisema, "nitaitafuta kesho."

Halafu akanigeukia. "Nabii. Zile alama zako."

"Naam, Mwalimu."

"Na mimi nilistahili hizo hizo."

Nasema bila kujisifu kwamba hakuna mwanafunzi mwingine wa Kisesa aliyewahi kulingana alama na Mwalimu. Ripoti nimeiandika upya, na safu ya tatu sasa ina kurasa tisa.

Akatoa kiberiti kwenye mfuko wa koti, akamwaga njiti zote juu ya meza, akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya kasha: MWALIMU. Miaka yote ile ya kufinyanga, hakuwahi kuweka nyumba yake mwenyewe mlimani. Akampa binti.

"Niwekee wewe," alisema. "Iwe karibu na ile njia ya ngʼombe."

Binti alipangusa povu, akaliweka kasha kando ya lake. Kisha akainuka, akaenda kwenye ndoo ya maandazi, akarudi na andazi zima, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Aliye kileleni anakula."

Mwalimu aliuma. Alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena, mafuta yakimeremeta kwenye masharubu.

"Kumbe ndivyo yalivyokuwa?" alisema, mdomo umejaa. "Miaka yote hiyo?" Akameza. "Basi la Arusha linaondoka saa ngapi?"

Mke wake hakutoa hata kichwa nje ya jiko.

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Begi lako liko nyuma ya mlango tangu juzi."